Unga wa tempura wa pakiti: kuna haja ya kuuagiza Dar?

Jibu la mwenye haraka: unga wa pakiti wa tempura, yaani vyakula vya Kijapani vinavyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa, unapika vizuri, na hata anayeanza si rahisi auharibu. Ila kwa mkazi wa Mtwara au Lindi, ambaye lazima amwagize mtu Dar es Salaam au alipie mzigo kwenye basi, bei yake haiendani na kilichomo ndani. Kilichomo ni unga wa ngano laini, wanga na bekingi pauda. Baadhi ya pakiti zina na unga wa kiini cha yai, pamoja na rangi ya njano kidogo. Vile vitatu vya kwanza unavipata dukani bila kutoka mkoani, na kimoja unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa muhogo.

Unga huu tumeupima kwa kakiage na si kwa tempura ya kawaida. Kipande cha boga au cha bilinganya ukikichovya kwenye rojo lolote la unga kitatoka kimevaa, hata kama rojo lenyewe ni bovu. Kakiage haisamehe hivyo. Ni mboga zilizokatwa vijiti vyembamba, zikashikanishwa kwa rojo kidogo sana, zikakaangwa kwenye mafuta mengi mpaka zikauke na kulia mdomoni. Rojo likiwa zito unapata donge lenye ubichi katikati. Likiwa jepesi mno, mboga zinatawanyika karaini kila moja na njia yake.

Mpika bajia atadhani kazi hii anaijua. Anaijua nusu. Kwenye bajia, unga wa dengu ndio chakula, una chumvi yake, bizari yake na pilipili yake, na ganda nene ni sifa. Kwenye kakiage unga hauna ladha na hautakiwi kuwa nayo. Kazi yake ni kubana mboga na kukauka. Ukiona unga mwingi kuliko karoti, imeharibika hiyo. Na kwa wanaopenda historia, ufundi wa kukaanga vitu vilivyovikwa unga Wajapani waliuchukua kwa Wareno, waliofika kwao mwaka 1543. Wareno haohao walikuwa wameshaiteka Kilwa mwaka 1505. Huku hawakutuachia kakiage.

Tuanze na pakiti yenyewe. Ukiifungua, unga ni laini kuliko wa chapati na unateleza vidoleni kama poda. Hiyo ni dalili ya wanga mwingi na ya ngano yenye protini ndogo. Pakiti nyingi zinaelekeza gramu 100 za unga kwa mililita 160 za maji baridi, bila yai. Kipimo hicho ni cha kuchovyea vipande. Kwa kakiage punguza maji yafike 145 au 150, kwa sababu mboga zilizokatwa nyembamba zinatoa maji yake zenyewe zikiwa bakulini. Maji yakishaingia, unga unachanganyika kwa mizunguko michache tu na hauvutiki hata ukipitiliza kidogo. Hapo ndipo pakiti inapostahili sifa. Joto la pwani linaloharibu rojo la ngano ya kawaida, hili linalistahimili kwa dakika kumi na tano hivi.

Kakiage yake inatoka na rangi ya dhahabu iliyopauka, ganda lina vitobo vidogo vidogo, na inabaki kavu kwa robo saa baada ya kutolewa. Vitobo hivyo ni kazi ya bekingi pauda: ikikutana na maji na moto inatoa gesi, gesi inaacha njia, na mvuke wa mboga unapitia humo badala ya kulowesha ganda. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, ganda linafanana mno kila mahali, na lile vazi jembamba lenye ncha kavu zisizo na mpangilio, ambalo ndilo utamu wa kakiage, halipatikani vizuri. Pili, ukiiacha ikapoa kabisa, ile pauda inaacha ladha ya mbali ya magadi. Wengi hawataiona. Anayekula na chumvi tupu ataiona.

Sasa mpinzani wake wa nyumbani.

Unga wa ngano tunaouzoea umekusudiwa chapati, maandazi na mikate. Protini yake ikikutana na maji na mkono wako inajenga nyuzi zinazovutika, ndiyo maana chapati inasukumika bila kuchanika. Kwenye kakiage nyuzi hizo ni adui, maana zinazuia mvuke kutoka, na ganda linakuwa gumu kwa nje na la kutafuna kwa ndani. Geuza pakiti ya unga usome jedwali la virutubisho. Gramu 8 au 9 za protini kwa gramu 100 ni unga wa kukimbilia. Ukikuta 11 na zaidi, huo utahitaji wanga mwingi zaidi. Unga wa kupimiwa kwenye kiroba hauna jedwali, kwa hiyo uhesabu kuwa ni mgumu.

Kipimo kinachofanya kazi, kwa vipande vinane vya kutosha watu wanne: unga wa ngano gramu 80, wanga gramu 20, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, kiini cha yai moja, na maji ya barafu mililita 140. Asiye na mizani atumie kijiko kikubwa cha chakula, kimejaa na kusawazishwa kwa kisu, ambacho kinabeba karibu gramu 8. Vijiko kumi vya ngano na viwili na nusu vya wanga vinatosha. Chekecha ngano, wanga na pauda pamoja mara mbili. Ukipuuza kuchekecha, utalazimika kukoroga sana baadaye ili kuvunja madonge, na kukoroga sana ndiko tunakokukimbia. Usitie chumvi kwenye rojo.

Kuhusu wanga, kornflawa ndiyo rahisi na ndiyo ya uhakika. Asilimia 20 ya unga wote inatosha, na kwa ngano ngumu unaweza kufika 30. Wanga wa muhogo nao unafaa, na kusini hii muhogo haukosekani, lakini usichanganye mambo: wanga si unga wa makopa. Makopa yaliyotwangwa yana nyuzinyuzi na harufu yake, yatakupa ganda zito la kijivu. Wanga unaupata kwa kukwaruza muhogo mtamu mbichi, kuukamua ndani ya maji kwa kitambaa, kuyaacha maji yale yatulie saa tatu nne, kumwaga ya juu na kuanika ile tope nyeupe ya chini mpaka ikauke kabisa. Muhogo mchungu uache, haujakusudiwa kazi ya haraka namna hii. Wanga huu unalipa ganda mng'ao na mlio mkali kuliko kornflawa, tena unaumuka kidogo. Ubaya wake unakuja kakiage ikipoa, maana inaanza kunata menoni. Kwa hiyo usizidishe asilimia 20, na pika ukijua walaji wameshakaa.

Unga wa mchele ni wa tatu. Asilimia 30 ya mchele kwenye ngano inakupa ganda linalokaa kavu muda mrefu kuliko hao wote wawili. Tatizo ni usagaji. Mchele wa kusagwa mashineni mara nyingi unatoka na chenga, na chenga moja ikibaki kwenye ganda jembamba utaisikia jinoni. Uchekeche kwa kitambaa chepesi, au usagishe mara ya pili. Kwa anayepika kwa ajili ya kuuza, ambaye chakula chake kitakaa kabatini nusu saa, huu ndio wa kuchagua.

Baridi ndiyo inayoamua mchezo, na Mtwara haina baridi. Maji ya bomba mchana yanazidi nyuzi joto 25, na bakuli lililokaa karibu na jiko lina joto lake. Maji ya kuchanganyia yawe nyuzi 5 hadi 8, yaani yameelea barafu na unayatoa dakika hiyohiyo. Unga na bakuli viweke kwenye friji nusu saa kabla. Umeme ukiwa umekatika, nunua barafu za mifuko dukani, weka bakuli la rojo juu ya beseni lenye barafu, na anza. Barafu ya samaki kutoka feri inaweza kukaa kwenye beseni la chini, kwa nje. Isiingie kwenye rojo hata chembe. Wengine wanatumia maji ya soda yasiyo na sukari badala ya maji matupu. Inasaidia, mapovu yake yanaongeza wepesi, lakini yawe ya baridi kali na chupa ifunguliwe wakati huohuo. Maji ya soda ya uvuguvugu ni pesa imemwagwa.

Piga kiini na maji kwanza, kisha mimina unga wote mara moja juu yake. Chukua vijiti viwili vya mishikaki, chora ndani ya bakuli mara kumi hadi kumi na tano, acha. Madonge ya unga mkavu yakibaki yanaelea, ni sawa. Jikoni kwetu watu wanaliona rojo la madonge kuwa uzembe, na mkono unawasha kutaka kulilainisha. Uzuie. Rojo laini linalong'aa ni rojo lililoharibika, na hakuna dawa isipokuwa kuanza upya. Uzito unaotakiwa ni huu: chovya kijiti, kinyanyue, rojo lidondoke kwa uzi mwembamba usiokatika kwa sekunde mbili, na kijiti kibaki kimevaa utando unaoonyesha rangi ya mti.

Mboga ni gramu 300 kwa rojo hilo. Kitunguu maji kimoja kikubwa, kikatwe nusu na kisha vipande vya nusu sentimita kufuata mistari yake kutoka shina hadi mzizi, siyo pete, kwa sababu pete zinateleza na kuachana. Karoti vijiti vya urefu wa sentimita 5 na unene wa milimita 3. Kiazi kitamu vivyo hivyo, unene milimita 4, loweka dakika kumi kuondoa wanga wa juu unaoungua haraka, kisha kausha kwa taulo mpaka taulo lisilowe tena. Hoho na maharagwe mabichi vinaingia. Bamia inaingia ikiwa changa na ikikatwa kwa urefu. Nyanya hapana, na kabichi ina maji mengi, isizidi konzi moja.

Kusini kuna vitu vitatu vya kwetu vinavyoifaa kakiage. Mbaazi mbichi za msimu, zichemshwe dakika kumi, zichujwe na kukaushwa kabisa, zinakaa mahali pa maharagwe machanga ya soya. Korosho za vipande, ambazo bei yake ni nafuu kuliko nzima, gramu 20 tu kwa mboga zote, kwa maana zinawahi kubadilika rangi kuliko karoti. Na uduvi mkavu. Huu wa mwisho una ndugu yake Japani. Kakiage ya uduvi mwekundu wa ghuba ya Suruga ni fahari ya mji wa Yui, nao wanauvua kwa msimu. Wa kwetu uoshe mchanga, ukaushe juani au kwenye kikaango kikavu dakika mbili, tia gramu 15. Una chumvi tayari, kwa hiyo hutahitaji nyingine.

Chumvi kwenye mboga mbichi ni marufuku. Inavuta maji nje, na dakika tano baadaye bakuli lina mchuzi chini.

Kabla ya rojo, nyunyizia mboga kijiko kikubwa kimoja cha unga mkavu, tikisa mpaka kila kijiti kipate vumbi. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayofanya kakiage ishikane. Unga mkavu unanyonya unyevu wa juu ya mboga na kulipa rojo mahali pa kukamata. Kisha mimina rojo kidogo kidogo, ukigeuza kwa vidole. Acha pale mboga zitakapokuwa zimelowa na hakuna rojo linalotuama chini ya bakuli. Utatumia karibu robo tatu ya lile ulilotengeneza. Linalobaki usilimwage, litakuja na kazi.

Karai la chuma zito ndilo chombo. Sufuria nyepesi ya alumini inapoteza joto mara mboga zinapoingia na inachelewa kulirudisha. Mafuta yawe na kina cha sentimita 3 hadi 4, kwa karai la kawaida la nyumbani ni lita moja na kidogo. Alizeti iliyosafishwa ndiyo bora, haina harufu na haitoi moshi mapema. Alizeti ya kukamua isiyochujwa inatoa povu jingi na kupanda mpaka ukingoni, iogope. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yana harufu itakayofunika kila kitu, na yanawahi kutoa moshi. Wajapani wanachanganya mafuta yasiyo na harufu na ya ufuta, na kwa mikoa inayolima ufuta kiasi hiki ni aibu kutowaiga. Sehemu moja ya ufuta kwa tisa za alizeti inatosha kubadilisha harufu ya nyumba.

Joto ni nyuzi 165 hadi 170. Bila kipimajoto, dondosha tone la rojo. Likizama hadi chini na kupanda taratibu, mafuta bado. Likifika nusu ya kina likageuka kurudi juu, weka chakula. Likitawanyika palepale juu bila kuzama, mafuta yamezidi, ondoa karai motoni dakika moja. Kwenye jiko la mkaa ni rahisi kupandisha joto na vigumu kulishusha, kwa hiyo weka makaa machache na uwe na ya akiba pembeni, usijaze jiko halafu uanze kupambana nalo.

Teka mchanganyiko kwa upawa mdogo au mwiko bapa, kiasi cha gramu 60 hivi, utandaze uwe duara la sentimita 8 na unene usiozidi sentimita moja na nusu. Pembezoni pawe na matundu, usibonyeze. Sasa shusha upawa mpaka uguse mafuta, uinamishe kuelekea ukingo wa karai, na utelezeshe kwa kijiti. Ukidondosha kutoka juu zitaachana, na mafuta yatakurukia. Asiyejiamini akate karatasi ya kuokea vipande vya mraba vya sentimita 10, atandaze mchanganyiko juu yake, aingize yote karaini. Baada ya sekunde 20 hadi 30 karatasi inaachia yenyewe, unaivuta kwa koleo.

Baada ya hapo, mikono nyuma. Dakika nzima usiguse. Kijiti kimoja kikichomoka kirudishe kwa kukisukuma kutoka pembeni, basi. Dakika ikipita, choma katikati mara mbili tatu kwa kijiti cha mshikaki ili mafuta yapite, kwa kuwa katikati ndiko ubichi unakojificha. Geuza mara moja tu, ikifika dakika moja na nusu. Upande wa pili upe muda huohuo, kisha ongeza moto kwa nusu dakika ya mwisho ili mafuta yaliyoingia yatoke. Jumla ni dakika tatu na nusu mpaka nne. Sikiliza pia. Mwanzo mlio ni mzito na mapovu ni makubwa, hayo ni maji ya mboga yanatoka. Mapovu yakiwa madogo na mlio ukawa mwembamba, maji yameisha, toa. Karaini visikae zaidi ya vipande viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Nusu ya uso wa mafuta ionekane daima.

Zikitoka zisimame wima kwenye wavu wa waya. Kuzilaza juu ya karatasi, upande wa chini unalowa kwa mvuke wake wenyewe. Kuzipanga moja juu ya nyingine ni kosa kubwa zaidi, na hotpoti ni kaburi lake. Hewa ya Mtwara mjini na Lindi mjini ina unyevu wa bahari, kwa hiyo kakiage ambayo Newala juu ingekaa kavu dakika ishirini, hapa chini hesabu kumi na mbili. Ikishalegea, irudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu kila upande. Kuikaanga tena kwenye mafuta kunaijaza mafuta.

Malalamiko ya kawaida na sababu zake. Inasambaratika karaini: mboga zilikuwa na maji, au unga mkavu ulirukwa, au mafuta yalikuwa ya moto mno yakaipiga kwa mapovu kabla rojo halijashika. Imeloa mafuta: joto lilikuwa chini ya 160, au zilijazana. Ni ngumu kama biskuti: rojo lilikorogwa. Nje kahawia ndani mbichi: unene, karibu kila mara. Haina rangi kabisa hata ikiiva: hilo si kosa, isipokuwa umesahau kiini. Kakiage si andazi, rangi yake ni ya majani makavu.

Pakiti, kwa haki yake, inakuepusha na kosa moja tu katika hayo, lile la kukoroga kupita kiasi. Mengine yote yako mikononi mwa mpishi hata akitumia unga wa bei gani.

Mchuzi wa kuchovya unahitaji maneno machache. Kwao ni supu ya samaki mkavu, sosi ya soya na mirin, mvinyo mtamu wa mchele. Mirin ina kilevi, na nyumba nyingi za pwani hii hazitaitaka. Sukari inaziba pengo vizuri. Supu chukua dagaa wakavu wasio na chumvi gramu 10, toa vichwa na matumbo, vinginevyo utapata uchungu, loweka kwenye mililita 300 za maji nusu saa, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi, chuja. Wajapani nao wana supu ya dagaa, kwa hiyo huku si kubahatisha. Mililita 200 za supu hiyo, sosi ya soya mililita 35, sukari vijiko viwili vya chai. Onja kabla ya kuongeza sosi, kwa sababu nyingi za bei rahisi zina chumvi kali. Figili nyeupe ya kukwaruza ikikosekana, tangawizi kidogo inatosha. Au achana na mchuzi: chumvi laini na ndimu, na kakiage inabaki kavu mpaka tonge la mwisho. Ukiiweka juu ya wali, mwagia mchuzi vijiko viwili tu, mezani, siyo jikoni.

Nani basi anunue pakiti? Mwenye kupika mara moja kwa miezi kadhaa, ambaye hana mizani wala hamu ya kupima. Mwenye mlaji asiyepatana na yai, maana mchanganyiko wa maji matupu unafanya kazi bila kiini. Lakini huyo asome orodha ya viungo kwanza, baadhi ya pakiti zina unga wa yai ndani. Anayejali uhalali wa chakula naye asome, kwani viungo vinatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Tazama na tarehe ya mwisho, pakiti hizi zinakaa rafuni muda mrefu kabla ya kusafiri kusini. Anayepika kila wiki, au anayetaka kuweka kwenye menyu ya mgahawa, pakiti itamlia faida. Bei ya pakiti moja ya kutoka nje inanunua kilo kadhaa za ngano na kornflawa ya kuichanganya.

Ukishaifungua, iweke kwenye chombo cha kufunga kabisa, ndani ya friji. Ikiachwa kabatini kwenye unyevu huu inashika madonge, bekingi pauda inaanza kufanya kazi kabla ya wakati wake, na rojo utakalopata halitakuwa na vitobo. Hali ni hiyohiyo kwa mchanganyiko wa nyumbani. Chekecha ngano na wanga vya mwezi mzima ukipenda, lakini pauda itie siku ya kupika.

Lile rojo lililobaki lidondoshe kwa kijiti juu ya mafuta moto kabla hujazima jiko. Vinatoka vipunje vidogo vya dhahabu, vitoe kwa chujio la waya baada ya nusu dakika. Vinakwenda juu ya supu ya tambi, juu ya wali wa nazi, hata juu ya kisamvu kama huna woga. Vikiachwa karaini vinaungua na kuyafanya mafuta kuwa machungu, na mafuta hayo, ukiyachuja yakiwa yamepoa na kuyafunga mbali na mwanga, yalikuwa na mapishi mengine mawili matatu ndani yake.